Uzazi Ukikoma, Kliniki Isikome: Mwongozo wa Kupima na Kutibu Saratani ya Mlango wa Kizazi

Wanawake wengi nchini Tanzania huijua kliniki kwa sababu ya mimba. Mama hupimwa damu na presha, hujifungua, kisha hurudi na mtoto mgongoni kwa ajili ya chanjo na mizani. Mtoto wa mwisho akishatimiza miaka mitano, kadi inaingia sandukuni, na tangu hapo mama anakwenda hospitali siku anayoumwa tu. Kwa bahati mbaya, huo ndio umri wa mama ambao saratani ya mlango wa kizazi huanza kujitokeza zaidi.

Hii ndiyo saratani inayoua wanawake wengi kuliko nyingine zote nchini. Kila mwaka Watanzania zaidi ya 10,000 hupatwa nayo, na zaidi ya 6,000 hufariki. Inasababishwa na kirusi kiitwacho HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Aina mbili za kirusi hicho, namba 16 na 18, huchangia takribani asilimia 70 ya wagonjwa. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Kikibaki, hubadilisha chembechembe za mlango wa kizazi taratibu, na safari hiyo hadi saratani kamili huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU ambaye hajatibiwa inaweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu.

Miaka hiyo yote ni nafasi ya kuukamata ugonjwa kabla haujawa ugonjwa. Mwongozo huu ni kwa mama wa miaka 35 hadi 65, na kwa mume, dada au binti atakayemsindikiza.

Hatua ya kwanza: Jua kama zamu yako imefika

Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke aanze kupima akiwa na miaka 30. Anayeishi na VVU aanze akiwa na miaka 25, kwa kuwa hatari yake ni mara sita ya mwanamke asiye na virusi hivyo, na afuate ratiba anayopewa kliniki ya VVU (CTC). Kupima kunaweza kukoma baada ya miaka 50, lakini kwa sharti moja: awe amekwishapata majibu mazuri mara mbili mfululizo. Kwa hiyo mama wa miaka 57 ambaye hajawahi kupima hata mara moja hajapitwa na wakati. Ndiye anayetakiwa kutangulia.

Usisubiri dalili. Mabadiliko ya awali hayaumi, hayatoi damu na hayaonekani kwa macho ya kawaida. Hata hivyo, ukiona damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, au majimaji yenye harufu mbaya yasiyoisha hata baada ya dawa za fangasi, usiende kupanga foleni ya uchunguzi wa kawaida. Mweleze mhudumu dalili hizo mapema, ili akuone kama mgonjwa na si kama mtu aliyekuja kupima tu.

Jambo moja nalisisitiza kwa akina mama waliokoma hedhi. Ukishamaliza miezi 12 bila hedhi, damu yoyote inayotoka ukeni baadaye si hedhi iliyorudi. Hata likiwa tone moja kwenye nguo, si la kufurahia wala la kuulizia jirani. Linahitaji daktari ndani ya siku chache. Akina mama wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa kwa sababu walidhani ujana umewarudia, au waliona aibu kuzungumzia damu katika umri huo.

Hatua ya pili: Chagua kipimo kinachofaa umri wako

Kipimo kilichoenea zaidi katika vituo vya afya na hospitali za wilaya ni cha siki. Mhudumu hupaka maji ya siki hafifu, ya asilimia 3 hadi 5, kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, kisha huangalia kwa taa. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Majibu hupatikana hapohapo, na mara nyingi tiba pia hufanyika siku hiyohiyo. Ni kipimo kizuri kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, na hurudiwa kila baada ya miaka 3.

Kwa mama aliyekoma hedhi, kipimo hicho kina upungufu ambao hauelezwi vya kutosha. Eneo linaloshambuliwa na kirusi, ambalo ujanani liko nje na linaonekana, huingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi homoni zinapopungua. Mhudumu anaweza kutazama vizuri kabisa, asione weupe wowote, na tatizo likawa limejificha juu zaidi. Ukiwa katika umri huo, uliza: "Je, hapa mnapima kirusi cha HPV? Kama hampimi, mnaweza kunielekeza wapi?" Kipimo hicho cha HPV hutafuta vinasaba vya kirusi chenyewe kwenye sampuli, na majibu yakiwa mazuri hurudiwa baada ya miaka 5 hadi 10, na kwa wenye VVU, miaka 3 hadi 5. Faida nyingine ni kwamba sampuli unaweza kuichukua mwenyewe nyuma ya pazia, kwa kijiti chenye pamba au brashi laini. Mama anayeona haya kuvuliwa mbele ya nesi wa umri wa binti yake anaruhusiwa kabisa kuomba njia hiyo, pale inapopatikana.

Kipimo cha Pap, kinachokwangua chembechembe na kuzipeleka maabara, bado kinafanyika katika hospitali kubwa na za binafsi. Kinafaa, ila kinahitaji kurudi kuchukua majibu.

Hatua ya tatu: Jiandae kwa siku yenyewe

Chagua siku ambayo huna hedhi. Kwa saa 24 hadi 48 kabla, usijamiiane, usiweke dawa yoyote ukeni na usijisafishe kwa ndani. Hapa niseme wazi kuhusu shabu, ugoro, ndimu na dawa za kubana zinazouzwa kwa siri mitaani. Zinachubua ngozi ya uke na kuvuruga kipimo, na hakuna hata moja inayozuia au kutibu saratani. Ziache kabisa, si kwa siku mbili tu.

Vaa sketi au dera, maana utavua chupi tu. Nenda na kanga ya kujifunika. Utalala chali, magoti yakiwa yamekunjwa, na mhudumu ataingiza kifaa cha kufungua uke kiitwacho spekulamu. Shughuli nzima huchukua dakika chache. Siki inaweza kuwasha kidogo.

Baada ya kukoma hedhi, uke huwa mkavu na mwembamba, na kifaa kinaweza kuumiza. Mwambie mhudumu mapema: "Nimekoma hedhi, naomba kifaa kidogo na kilainishi." Kifaa kidogo kipo, na kilainishi cha maji kipo. Ukiumia sana, sema asimame. Daktari anaweza kukupa krimu ya homoni ya kupaka kwa wiki kadhaa, kisha ukarudi kupimwa bila maumivu. Ukitaka mhudumu mwanamke, omba. Katika vituo vya umma huduma hii kwa kawaida hupatikana kitengo cha afya ya uzazi, palepale ulipokuwa ukipeleka watoto.

Hatua ya nne: Yaelewe majibu kabla ya kutoka mlangoni

Majibu ya HPV yakisema kirusi kipo, maana yake si kwamba una saratani. Maana yake ni kwamba unahitaji uchunguzi wa pili wa mlango wa kizazi ili kuona kama kirusi kimeanza kuharibu kitu. Wengi wenye kirusi hawana mabadiliko yoyote.

Majibu hayo pia hayathibitishi kwamba mume ametoka nje wala kwamba mke amefanya hivyo. Kirusi kinaweza kukaa kimya mwilini kwa miaka 20 na zaidi, kikaonekana leo. Kinaweza kuwa kiliingia kabla ninyi wawili hamjafahamiana. Baba unayesoma haya, mkeo akirudi na karatasi hiyo, swali lenye maana ni moja: amepangiwa kurudi lini, na nauli ipo?

Kabla ya kutoka, hakikisha umeandikiwa jina la kipimo, majibu na tarehe ya kurudi. Acha namba mbili za simu, yako na ya mtu unayemwamini. Kupima bila kurudi kuchukua majibu ni sawa na kutopima, na huduma nyingi za uchunguzi hupoteza wanawake papo hapo, kati ya kipimo na majibu.

Hatua ya tano: Tibu mabadiliko ya awali

Ikionekana sehemu nyeupe isiyo saratani, na yote ikiwa inaonekana kwa macho, mhudumu anaweza kuichoma kwa kifaa cha joto la takribani nyuzi 100, kwa chini ya dakika moja kila mguso. Sehemu nyingine wanatumia tiba mgando, yaani baridi kali. Mlango wa kizazi una mishipa michache ya fahamu, kwa hiyo wengi husikia tumbo kukaza kama la hedhi tu. Ikiwa sehemu ni kubwa au inaingia ndani ya mfereji, jambo la kawaida kwa mama mtu mzima, daktari huikata kwa waya mwembamba wa umeme baada ya kudunga ganzi, na kipande hupelekwa maabara. Njia hiyo wahudumu huiita LEEP. Hakuna kati ya tiba hizi inayoondoa kizazi, na kwa kawaida unarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Tarajia majimaji mengi ukeni kwa wiki 4 hivi, wakati mwingine yenye damu kidogo. Tumia pedi. Usiweke kitu chochote ukeni, na msikutane kimwili kwa wiki 4. Ni vizuri mume aambiwe hili na mhudumu mwenyewe, kwa hiyo nenda naye kama mnaelewana. Rudi mara moja ukipata homa, maumivu makali ya tumbo, usaha wenye harufu au damu inayozidi ya hedhi. Kisha rudi kupimwa tena baada ya miezi 12, hata kama unajisikia mzima.

Hatua ya sita: Ikiwa ni saratani, thibitisha na upime imefika wapi

Daktari akishuku saratani, hukata kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara. Hakuna tiba ya saratani inayopaswa kuanza bila majibu ya kinyama, na mtu yeyote anayekuuzia dawa ya saratani bila majibu hayo anakuibia pesa na muda. Kukatwa kinyama hakusambazi ugonjwa. Maneno hayo yamezagaa na yamewafungia wengi nyumbani.

Baada ya hapo daktari hupima kwa mkono, na kwa picha kama ultrasaundi, CT au MRI, aone ugonjwa umefika wapi. Hupima pia damu, figo na VVU. Ugonjwa hupangwa katika hatua nne. Ya kwanza uko kwenye mlango wa kizazi peke yake. Ya pili umetoka nje kidogo. Ya tatu umefika sehemu ya chini ya uke, ukuta wa nyonga, tezi za jirani, au umeziba mirija ya figo. Ya nne umeingia kibofu au njia ya haja kubwa, au umesafiri mbali. Uliza hatua yako, uandikiwe. Katika hatua ya kwanza, wengi sana hupona kabisa.

Sasa ndio wakati wa barua ya rufaa. Tanzania, mionzi hupatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Kwa wa Kenya kuna Hospitali ya Kenyatta jijini Nairobi, na kwa wa Uganda kuna Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko Mulago, Kampala. Beba rufaa, majibu ya kinyama, picha zote, kadi ya bima kama unayo na kitambulisho. Mtu asiye na uwezo aulizie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku ya kwanza, kabla deni halijakua. Familia ikae kikao mapema kuhusu malazi, kwa kuwa tiba ya mionzi ni ya karibu miezi miwili na mgonjwa wa mkoani atahitaji mahali pa kulala na mtu wa kuwa naye.

Hatua ya saba: Anza tiba, uimalize

Ugonjwa ukiwa mdogo, upasuaji wa kuondoa kizazi unaweza kutosha. Mama atakaa na mpira wa mkojo kwa muda, na kwa takribani wiki 6 hatakiwi kubeba ndoo ya maji, kuni wala kushika jembe. Familia igawane kazi hizo kabla hajalazwa.

Wagonjwa wengi wa hapa kwetu hufika ugonjwa ukiwa umevuka kiwango hicho, na tiba yao ni mionzi pamoja na kemo. Mpango wa kawaida ni mionzi ya nje, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 5 hivi, mara 25 au zaidi kidogo. Mara moja kwa wiki mgonjwa huwekewa dripu ya sisplatini, dawa inayofanya mionzi ishike zaidi. Mwishoni inakuja mionzi ya ndani, ambapo kifaa huingizwa ukeni hadi kwenye mlango wa kizazi na kutoa mionzi karibu kabisa na uvimbe, kisha hutolewa. Mama aombe dawa ya maumivu kabla ya kuwekewa, bila kuona haya.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengine hupoteza tiba waliyokwishaihangaikia. Mionzi yote, ya nje na ya ndani, inatakiwa kukamilika ndani ya wiki 8. Kila inapovuta zaidi, seli za saratani hupata muda wa kujijenga upya na nafasi ya kupona hupungua. Damu ikikata katikati ya tiba, mama huona amepona na kutaka kurudi kijijini kuvuna au kuhudhuria msiba. Asiende. Kukata damu ni dalili kwamba tiba inafanya kazi, si kwamba imekwisha. Na mionzi ya ndani si nyongeza ya hiari. Bila hiyo, ugonjwa hurudi kwa urahisi zaidi.

Damu mwilini pia ni sehemu ya tiba. Mgonjwa aliyepungukiwa damu sana hafaidiki vizuri na mionzi, kwa hiyo ndugu wawe tayari kuchangia. Juisi ya rosela ni nzuri kunywa, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya chupa ya damu kwa mtu aliyeishiwa. Kuharisha wakati wa mionzi ni jambo la kawaida: kula uji, wali mweupe, mtori na ndizi mbivu, punguza maharage, maziwa na pilipili, kunywa maji mengi, ambayo pia husaidia figo kuhimili sisplatini. Mkojo ukipungua, masikio yakivuma au kuharisha kukizidi, sema siku hiyohiyo. Anayetumia ARV aendelee nazo bila kuruka, na dawa za miti shamba aziweke kando hadi daktari wake azijue.

Ugonjwa ukiwa umesambaa hata hauwezi kuondolewa, bado kuna kazi ya kufanya. Mionzi michache inaweza kuzuia damu. Mofini ya maji hutuliza maumivu makali, na mgonjwa anayepewa kwa kipimo cha daktari hageuki mlevi. Mama yeyote anayelia kwa maumivu usiku anastahili mofini, na familia iiulize kwa jina hilo.

Hatua ya nane: Rudi kwenye maisha yako

Mionzi haibaki mwilini. Mama aliyemaliza tiba anaweza kupakata wajukuu, kupika, kulala na mumewe kitanda kimoja. Saratani yenyewe haiambukizi.

Uchovu unaweza kudumu miezi. Afanye kazi kidogo kidogo, atembee kila siku. Ambaye alikuwa bado anapata hedhi, mionzi huikomesha, na joto la ghafla, jasho la usiku na ukavu huja kwa kishindo. Amuulize daktari kuhusu homoni na kuhusu kulinda mifupa, hasa kama hajafika miaka 45.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba uke unaweza kusinyaa na kushikamana baada ya mionzi, hata uchunguzi ukawa mgumu. Kuanzia wiki chache baada ya tiba, muuguzi anaweza kumpa mama kifaa laini cha kupanua na kumfundisha kukitumia mara mbili au tatu kwa wiki, kwa kilainishi. Tendo la ndoa, pindi daktari akiruhusu, husaidia pia. Liende polepole, na mume avumilie. Hata mjane au asiye na mwenza anakihitaji kifaa hicho, kwa ajili ya uchunguzi wa baadaye.

Mguu mmoja ukivimba, mkojo ukivuja wenyewe, damu ikirudi au mgongo ukiuma bila kukoma, asisubiri tarehe ya kliniki. Zaidi ya hapo, ratiba ni kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka miwili ya mwanzo, kila miezi 6 hadi 12 hadi mwaka wa tano, kisha mara moja kwa mwaka.

Na kama nyumbani kuna binti au mjukuu wa kike wa miaka 9 hadi 14, hakikisha amechanjwa. Tangu Aprili 2024 chanjo ya HPV Tanzania ni sindano moja tu, inatolewa shuleni na katika vituo vya afya, na hailipiwi.